Mtihani Uliosubiri Zamu Iishe

Mazungumzo ya leo ni ya kundi ambalo wasemaji wa mahafali hulisahau: waliomaliza chuo cha uuguzi hapa Marekani, wakavaa joho, picha zikafika Kisumu, Moshi na Bukavu kabla keki haijakatwa, halafu mtihani wa leseni wakauweka kando. Mwezi mmoja ukawa mitatu, mitatu ikazaa mwaka. Nyumbani kila mtu anajua kwamba mtoto wao ni nesi. Kazini bado anavaa beji ya CNA, yaani msaidizi wa nesi: anaogesha wazee, anawalisha, anawageuza kitandani, anabadilisha mashuka.

Mtihani huo unaitwa NCLEX. Chuo kinakupa shahada yako, lakini leseni hutolewa na bodi ya uuguzi ya jimbo, na bodi haitoi leseni mpaka umepasi NCLEX. Kabla ya hapo wewe si RN, yaani nesi aliyesajiliwa, hata kama ulikuwa wa kwanza darasani. Wenzetu waliosomea uuguzi Nairobi, Dar es Salaam au Goma nao hupita mlango huohuo wakifika huku, tena wao wana foleni nyingine ya kukaguliwa vyeti na, kwa wengi, mtihani wa Kiingereza. Hao nao tutawagusa siku nyingine. Leo nataka kubaki na aliyesoma hapahapa, akamaliza, akaahirisha.

Kwa nini mtu aliyevumilia anatomia, famakolojia na miaka ya wodini akwame mbele ya mtihani wa saa tano?

Jibu la haraka ni woga. Upo, sikatai. Lakini nikiziangalia jumuiya zetu, za Lowell na Worcester, za Dallas, za Minneapolis, za Louisville, naona sababu iliyo kubwa kuliko woga, nayo ni zamu. Chukua dada aliyemaliza mwezi wa tano. Alipokuwa chuoni alipunguza saa za kazi, kodi ya nyumba ikawa inalipwa kwa kadi ya mkopo, na mama yake nyumbani akaambiwa, "Vumilia mama, nikimaliza tu." Sasa amemaliza. Wiki hiyohiyo simu zinaanza: karo ya mdogo wake, mabati ya nyumba, mchango wa matanga. Meneja naye anapiga: kuna mtu hakuja, unaweza kukaa dabo? Dabo ni saa kumi na sita. Anakaa. Kesho yake analala mchana kutwa, na akiamka ni saa ya kuvaa tena. Kitabu cha maswali kiko ndani ya begi la chakula. Kila wiki kinakwenda kazini na kurudi bila kufunguliwa.

Benki Kuu ya Kenya hutangaza kila mwezi fedha zinazotumwa na Wakenya walio ng'ambo, na zaidi ya nusu hutoka Marekani. Ndani ya fedha hizo mna dabo nyingi sana.

Sasa tupige hesabu ambayo wengi hawapendi kuipiga. Kwa takwimu za serikali ya Marekani za mwaka 2024, mshahara wa kati wa RN ni kama dola 93,600 kwa mwaka. Wa CNA haufiki 40,000. Tofauti ni kama dola 54,000, sawa na 4,500 kila mwezi kabla ya makato. Zamu moja ya ziada ya saa nane, kwa dola 19 kwa saa, inakuletea dola 152. Hata ukilipwa ovataimu ya mara moja na nusu ni 228. Ili zamu za ziada zifidie mwezi mmoja wa kukaa bila leseni, ungelazimika kufanya karibu ishirini ndani ya mwezi huo, juu ya zile zako za kawaida. Utasema mshahara wa kati si wa mtu anayeanza. Ni kweli, anayeanza hupata pungufu. Basi kata robo ya mshahara huo, upige hesabu upya. Bado zamu hazitoshi.

Kwa hiyo ile zamu ya ziada inayoonekana kukuokoa ndiyo inayokula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote nyumbani kwako. Na hapa nina neno kwa wazazi na ndugu mnaotusikiliza kwa intaneti kutoka nyumbani. Binti yenu akiwaambia kwamba kwa miezi miwili hatatuma kitu, msimuulize amebadilika nini. Muulizeni tarehe ya mtihani.

Mbali na fedha kuna masharti. Ukishajiandikisha, ukalipa dola 200 na bodi ikakukubali, unapewa kibali cha kufanya mtihani, wenyewe wanakiita ATT. Kibali kina tarehe ya mwisho, mara nyingi kama siku 90, na hakirefushwi. Kikiisha unalipa upya. Wahenga walisema kawia ufike; hawakuwa wamelipia ATT. Katika jimbo la Florida, mhitimu wa chuo cha hukohuko akipitisha miezi sita tangu amalize bila kufanya mtihani, lazima kwanza apite kozi ya maandalizi iliyoidhinishwa na bodi, na ailipie mwenyewe. Texas inataka uwe umepasi ndani ya miaka minne tangu kuhitimu. Ikipita, itakubidi usomee uuguzi upya. Kila jimbo lina utaratibu wake, kwa hiyo usichukue jibu kwa binamu aliye Ohio wakati wewe uko Houston. Isome sheria ya bodi yako mwenyewe.

Mtihani nao haukai ukikusubiri ulivyouacha. Tarehe 1 Aprili 2023 ulibadilishwa. Yakaingizwa maswali ya visa: unapewa faili la mgonjwa mmoja, vipimo vyake, maneno ya nesi wa zamu iliyopita, halafu maswali sita yanafuatana huku hali ya mgonjwa ikibadilika. Kulikuwa na watu waliohitimu mwaka 2022, wakaahirisha kidogo, wakaahirisha tena, na walipokwenda kuufanya wakakuta mtihani ambao walimu wao hawakuwafundishia. Vitabu walivyonunua vilikuwa vya mtihani ulioondoka.

Baraza linaloutunga, NCSBN, limewahi kulichunguza jambo hili la kuchelewa, likakuta kwamba kadiri muda unavyorefuka kati ya kuhitimu na kufanya mtihani, ndivyo wanaopasi wanavyopungua. Tuwe waangalifu hapo: huenda wanaojihisi dhaifu ndio wanaoahirisha, na muda peke yake usilaumiwe kwa yote. Hata hivyo sijamwona mtu ambaye dozi za heparini zimemkaa kichwani vizuri zaidi kwa kuziacha mwaka mzima. Mwaka 2022, katika kila watu 100 waliosoma hapa na kuufanya mtihani wa RN kwa mara ya kwanza, karibu 80 walipasi. Mwaka 2023 wakawa karibu 89. Wanaorudia ni hadithi nyingine: mwaka ule wa 2022 hawakufika hata nusu. Ukianguka unangoja siku 45 ndipo uufanye tena, na siku hizo, kama tunavyojuana, hujazwa zamu.

Mashine inayouliza maswali nayo inahitaji kueleweka, maana hadithi za kantini zimewaharibu wengi. Haimpi kila mtu maswali yaleyale. Ukijibu sawa, linalofuata huwa gumu kidogo, ukikosa, linateremka. Inatafuta kiwango ambacho unapata nusu na kukosa nusu, ndiyo maana hata aliyepasi vizuri hutoka akihisi ameanguka vibaya. Huwezi kurudi nyuma kusahihisha. Maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, na mashine huzima ikishakuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari wa kupasi au chini yake. Kwa hiyo kuzimika kwenye swali la 85 peke yake hakusemi lolote. Wapo waliopasi hapo na walioanguka hapo. Wanaokesha wakijaribu kujiandikisha upya ili waone kama kompyuta itawakataa, wakidhani kukataliwa ni dalili ya kupasi, wangelala tu. Katika majimbo mengi matokeo yasiyo rasmi hupatikana baada ya siku mbili kwa ada ndogo.

Nikae kidogo hapa ninapoona ndipo ulipo mgogoro wenyewe, nao hausemwi sana. Mwenzetu aliyechelewa hakuwa amekaa bure. Kwa mwaka au miwili alikuwa kwenye korido za nyumba ya wazee, na korido inafundisha. Inamfundisha kumjua mzee anayekataa chakula kwa hasira na yule anayekikataa kwa sababu koo linauma. Inamfundisha kuona wekundu wa kisigino kabla haujawa kidonda. Lakini inamfundisha pia majibu ambayo NCLEX haiyataki.

Sikilizeni swali la mfano, nimelitunga mwenyewe. Umepokea zamu, una wagonjwa wanne. Wa kwanza ana ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni yake ni asilimia 90. Wa pili alipasuliwa jana, anasema maumivu ni nane kati ya kumi, na mke wake amesimama mlangoni anagomba. Wa tatu ana kisukari, sukari iko 180, anasubiri chai. Wa nne alivunjika paja siku mbili zilizopita, alikuwa ametulia, sasa ghafla anahema na hajui yuko wapi. Utaanza na nani?

Miguu ya CNA inakwenda kwa mgonjwa wa pili, kwa sababu miaka yote mlango wenye kelele ndio ulioleta malalamiko kwa meneja. Mtihani unamtaka wa nne. Paja lililovunjika, pumzi iliyokatika ghafla, akili iliyochanganyikiwa: hapo kuna hofu ya donge la damu au la mafuta lililokwenda mapafuni, na huyo anaweza kufa wakati unamtuliza mke wa mwenzake. Wa kwanza, mwenye asilimia 90, pengine hiyo ndiyo hali yake ya kila siku. Anayejibu kwa mazoea ya korido anakosa swali hili akiwa amejaa uhakika, na uhakika huo ndio mgumu kuuondoa.

Vivyo hivyo maswali ya kugawa kazi. Nani aende kumwangalia mzee aliyeanza kuchanganyikiwa tangu asubuhi? Katika nyumba yenye upungufu wa watu, anakwenda yeyote aliye karibu, mara nyingi CNA, na anarudi kusema, "Yuko sawa tu." Kwa NCLEX hilo ni kosa. Kupima hali iliyobadilika, kufundisha mgonjwa, kuamua kama dawa imefanya kazi, hayo ni ya RN na hayagawiwi. CNA anaweza kupima presha ya mgonjwa aliyetulia, kumwogesha, kumlisha asiye na hatari ya kupaliwa. Mtihani unadhani una wauguzi wa kutosha, vifaa vyote na muda wote. Hospitali ya namna hiyo haipo, lakini ndiyo utakayofanyia mtihani.

Kwa hiyo maandalizi ya aliyechelewa hayafanani na ya aliyetoka darasani jana. Huyu wa jana anahitaji kukumbuka. Wewe unahitaji pia kusahau. Fanya maswali kila siku, machache, na kwa kila ulilokosa soma maelezo ya kwa nini, kisha jiulize: nilijibu kama nesi wa kitabuni au kama mimi wa saa tisa usiku? Weka tarehe kwanza, halafu umwonyeshe meneja wako tarehe hiyo kabla hajakupigia kuhusu dabo. Zaidi ya hapo sina siri ya kukuuzia.

Wanaouza siri wapo, nao huwatafuta hasa waliochelewa. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kesi iliyoitwa Operation Nightingale: vyeti bandia zaidi ya 7,600 vya uuguzi, kutoka vyuo vilivyokuwa Florida, vilivyouzwa kwa maelfu ya dola kila kimoja. Karibu 2,400 kati ya walionunua waliupasi NCLEX. Wengi wao tayari walikuwa wakifanya kazi za afya, na bodi za majimbo zikaanza kuwafuata mmoja mmoja kufuta leseni. Wapo wanaosema, kwa nusu kicheko, kwamba kama walipasi basi walijua kazi. Siwaungi mkono. Mtihani hupima kichwa kwa saa tano. Zile saa mia kadhaa za wodini chini ya macho ya mwalimu hakuna anayeweza kuzipima kwa kompyuta. Na anayeumia zaidi leo ni msichana aliyesoma kwa haki katika chuo kidogo cha Florida, ambaye kila anakoomba kazi cheti chake kinaangaliwa mara tatu.

Tuseme sasa umepasi. Jina lako limeonekana kwenye orodha ya Nursys, inayokusanya leseni za wauguzi wa nchi nzima, na yeyote anaweza kukukagua huko. Ndipo unapokutana na ugumu ambao hakuna aliyekuambia. Hospitali kubwa huwa na mafunzo ya mwaka wa kwanza kwa wauguzi wapya, na nyingi zinataka uwe umehitimu ndani ya miezi kumi na miwili, wakati mwingine sita. Wewe ni mpya kazini lakini si mpya kwenye karatasi. Dirisha limefungwa bila mtu kukukataa kwa mdomo.

Mlango ulio wazi mara nyingi ni uleule wa nyumba ya wazee, vituo vya kusafisha damu kwa wagonjwa wa figo, magereza, uuguzi wa majumbani. Sizidharau kazi hizi. Wazee wa Marekani wanatunzwa humo, na kuna wauguzi hodari waliolelewa humo. Lakini zipime. Katika nyumba ya wazee unaweza kukabidhiwa wagonjwa ishirini na tano au thelathini na toroli la dawa. Dawa za saa tatu asubuhi zina muda wake, na mzee wa chumba cha nne anataka vidonge visagwe kwenye juisi ya tufaha, kimoja kimoja. Simu inalia. Binti wa mgonjwa amefika. Kabla hujamaliza asubuhi, dawa za mchana zimefika.

Kisha kuna jambo la watu. Kama umebaki palepale ulipokuwa CNA, kuna dada aliyekufundisha namna ya kumgeuza mgonjwa bila kuumiza mgongo wako, na leo ndiye unayempa maagizo. Atakupima siku ya kwanza. Atakaa chini wakati kengele inalia, akuangalie. Wapo wanaojibu hilo kwa ukali ili waheshimiwe, na wapo wanaokwenda kuijibu kengele wenyewe kila mara, mpaka dawa zinachelewa na kosa linakuwa lao. Mimi ningemwendea kabla ya zamu kuanza, kwa heshima ile ile ya zamani, "Dada, leo nakutegemea upande wa kushoto, ukiona mtu amebadilika niite mimi kwanza," na kengele ya pili ikilia nikamwita kwa jina. Ukiona hapafai, omba kuhamia jengo jingine. Jambo moja usilifanye: kupata leseni na kuendelea kuvaa beji ya CNA kwa sababu unawaonea haya wenzako. Texas, kwa mfano, humchukulia mwenye leseni ya uuguzi kuwa nesi katika kazi yoyote ya kumhudumia mgonjwa. Likitokea baya, hutaweza kusema ulikuwa msaidizi tu.

Ile korido niliyoilaumu kidogo sasa inakulipa. Patricia Benner, katika kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu safari ya nesi kutoka uchanga hadi ubingwa, alionyesha kwamba ujuzi huja na hali ulizozipitia. Mtu anaweza kuwa hodari mahali pamoja na mchanga pengine. Wewe ni mchanga wa kumpigia daktari simu saa tisa usiku. Si mchanga wa kumwona mgonjwa. Mwenzako wa miaka ishirini na miwili anasoma presha kwenye skrini; wewe uliona tangu jioni kwamba bibi hakuchana nywele zake, naye huzichana kila siku. Kinachokosekana ni kuligeuza hilo kuwa maneno ambayo daktari aliyeamshwa usingizini ataweza kuyafanyia kazi: mimi ni nani, mgonjwa ni nani, nini kimebadilika na tangu saa ngapi, vipimo vyake ni hivi, naomba uagize hiki. Yaandike kabla ya kupiga. Hata wauguzi wa miaka mingi huyaandika.

Na kwenye usaili wataliuliza: ulihitimu lini, na mbona leseni ni ya juzi? Usianze kuomba radhi. Jibu kwa sentensi mbili: nilikuwa CNA wa muda wote, nikihudumia wagonjwa wa aina hii na hii, nikilipa deni la chuo, nilipopanga fedha nikafanya mtihani, nikapasi. Kisha uliza wewe. Nitakaa wiki ngapi na nesi wa kuniongoza? Usiku wangu wa kwanza peke yangu nitakuwa na wagonjwa wangapi? Wakikwambia siku tatu na wagonjwa thelathini, washukuru, uchukue koti lako. Mtaa wa pili nako wanaajiri.